Mgeni Hapewi Kiporo

Nyamizi wa Nkoma alikuwa mtu wa hasira tangu utotoni, na hakuwahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Mama yake alisimulia kwamba alizaliwa amekunja ngumi. Baba yake alisema heri binti mwenye hasira kuliko fahali mwenye hasira, maana binti utamwoza, fahali utabaki naye zizini. Wakamwoza kwa Mayunga, mpiga ngoma, mtu mpole ambaye kuku walikula mtama wake mbele ya miguu yake naye akawatazama tu. Kijiji kizima kikasema ndoa ile Mungu aliipima kwa mizani.

Hasira ile ndiyo iliyompa jina. Alikuwa mwitikiaji tu katika kundi la ngoma la Bagika wa Nkoma, akiimba mstari wa nyuma na jembe begani pamoja na wanawake wenzake. Mwaka mmoja manju wao, kiongozi wa nyimbo, alitukanwa na manju wa upande wa pili hadi akakosa la kujibu, akasimama kinywa wazi mbele za watu. Nyamizi kule nyuma alishindwa kuvumilia. Alijibu kwa wimbo alioutunga hapo hapo, kuhusu mtu anayeringia ng'ombe wa shemeji yake ilhali zizi lake mwenyewe limeota majani, na uwanja ukacheka mpaka wazee wakaketi chini. Tangu siku ile akawa ningi, kama Wasukuma wanavyomwita manju. Wanawake waliowahi kukabidhiwa usinga wa ningi katika nchi ile walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na vingine vikabaki.

Kwa asiyezijua ngoma za Usukumani, mambo ni hivi. Baada ya mavuno, siku ya Sabasaba, makundi mawili hukutana uwanja mmoja, Bagika upande huu, Bagalu upande ule, wala hawangojani zamu. Wanaanza kwa pamoja, ngoma kwa ngoma, manju kwa manju, na watazamaji wako katikati, huru kwenda wanakotaka. Hakuna jaji. Jua likianza kushuka, upande wenye watu wengi ndio ulioshinda, na upande utakaonyamaza kwanza umeshindwa hata kama ulizungukwa na watu kama siafu. Ndiyo maana kila manju huja na nyimbo mpya kila mwaka. Nani atavuka uwanja mzima kwenye jua kali kufuata wimbo anaoujua?

Kwa hiyo nyimbo mpya zilikuwa siri. Nyamizi alizitunga wakati wa palizi, kwa mwendo wa jembe, kisha akawafundisha wenzake huko mbugani, mbali na nyumba. Ilikuwa marufuku kuziimba hata chini chini kisimani au njiani. Binti mmoja aliwahi kusikika akiuimba chini chini wimbo wa mwaka huku akichekecha unga, baba yake akatoa mbuzi wa faini, na mbuzi akaliwa na kundi lote, binti mwenyewe akiwemo, akilia na kutafuna.

Sasa, hadi mwaka wa tisini na tano unaingia, Nyamizi alikuwa ameshindwa miaka miwili mfululizo na Masunga, manju wa Bagalu kutoka Ipililo kule Maswa, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya filimbi na ulimi wa nyoka. Na sheria ya kundi ilikuwa moja, inajulikana na kila mtu: ningi akishindwa mwaka wa tatu, anakabidhi usinga. Kama ni mwanamke, kila mtu alijua pia kwamba usinga ule hautarudi tena mikononi mwa mwanamke. Ngeleja, mpwa wa manju wa zamani, alikuwa ameanza kuutazama ule usinga jinsi paka anavyotazama samaki juu ya uchaga. Nyamizi alimwona, na alisaga meno.

Basi mwaka huo alitunga kama mtu anayepigania roho yake. Nyimbo saba. Mayunga, aliyekuwa mume wake kwa miaka ishirini na hakuwa na tabia ya kusifu, alisikia ule wa tatu akaacha kupiga ngoma.

"Mke wangu," alisema, "huyu Masunga tutamzika."

"Tutamzika akiwa hai," Nyamizi alijibu, "ndiyo raha yake."

Tatizo ni kwamba huo ulikuwa mwaka wa soko huria. Kila kitu kilikuwa kimefunguliwa milango. Pamba ambayo miaka yote ilinunuliwa na chama cha ushirika, sasa ilifuatwa na malori ya watu binafsi. Vyama vya siasa vilichomeka bendera kwenye kila mti wenye kivuli. Bariadi mjini, hoteli za chai ambazo zamani zilisikiliza redio moja ya taifa, saa moja, salamu zile zile, sasa kila moja ilikuwa na redio kaseti yake na kila moja ilipiga lake: huku dansi la bendi za Mwanza, huku Wakongo na magitaa yao, huku taarabu, na mwisho wa barabara vijana waliovaa suruali ambazo zingewatosha wawili wawili, wakiongea haraka haraka juu ya mdundo na kusema eti huo ni wimbo. Bendi kubwa zilizojaza kumbi miaka kumi nyuma zilikuwa zinasambaratika, na watu walizisema kama wanavyomsema marehemu. Nyamizi hakujali. Muziki wa mjini ulikuwa wa mjini. Uwanja wa mbina, yaani wa ngoma, haukuwa na dirisha la dukani.

Mwezi wa tatu, katikati ya palizi, akaja Keneth.

Keneth alikuwa na duka la redio na kanda pale Bariadi. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye shati lililopigwa pasi na adabu nyingi kuliko uhitaji. Alifika Nkoma kwa pikipiki, akaiacha mbali na boma la Mayunga ili isiwashtue ng'ombe, akaja kwa miguu.

"Mwadila, mayu," alisalimu kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila. Karibu, baba."

"Nimesikia habari zako tangu nikiwa shule. Nimekuja kurekodi, mayu, kama utakubali."

Hapa ndipo Nyamizi alipokosea, na kosa lenyewe asingelifanya mtu wa mahali pengine. Nkoma walijua kurekodi kwa maana moja tu. Zamani, enzi za ujamaa, lilikuwa limekuja gari la redio ya taifa, na barua kutoka wilayani, na mafundi waliovaa vitu masikioni. Walirekodi nyimbo mbili, wakashukuru, wakaenda zao. Miezi kadhaa baadaye kijiji kizima kiliketi mbele ya redio ya mwalimu kusikia jina la Nkoma likitajwa. Dakika tano. Wazee walilia. Kurekodiwa ilikuwa kama kuvishwa nishani, na nyimbo zenyewe zilikwenda kuhifadhiwa Dar es Salaam, mbali na masikio ya Masunga. Keneth hakusema yeye ni redio ya taifa. Hakuulizwa.

Mayunga alijaribu. Alimvuta mke wake nyuma ya ghala la mtama.

"Mpe zile za mwaka juzi," alinong'ona.

"Zile za mwaka juzi?" Nyamizi alimshangaa. "Mgeni amekuja kwangu mimi, kapita jua lote hili, nimpe kiporo?"

Na kwa hilo hakuna Msukuma wa kumlaumu. Mgeni hapewi kiporo. Ugali wa jana hula wenyeji, mgeni husongewa wa moto, na kama kuku ni mmoja basi huyo mmoja ndiye anayekufa. Nyamizi alichinja jogoo. Kisha akaita wenzake kutoka mashambani, wakaingia na majembe yao na matope miguuni, wakasimama mbele ya kisanduku cha Keneth cha kurekodia, chenye taa nyekundu, wakaimba zote saba. Keneth alikula, akashukuru kwa mikono miwili, akaondoka kabla jua halijatua. Wote walilala na furaha usiku ule. Nyamizi mwenyewe alilala akitabasamu, jambo ambalo Mayunga alilisimulia baadaye kama ajabu.

Wiki ya pili ya mwezi wa tano alikwenda na Mayunga kwa baiskeli mnadani Bariadi kununua magunia ya pamba. Alikuwa anapita mbele ya hoteli ya chai aliposikia sauti yake.

Kwanza alidhani ni mtu anamwita. Kisha akasikia waitikiaji wake, akasikia ngoma ya Mayunga, wimbo wa tatu, ule wa kumzika Masunga. Na juu yake, mahali ambapo pangekuwa na kishindo cha majembe, kulikuwa na kinanda. Kinanda cha umeme, kinalialia kama mbuzi aliyefungiwa nje. Wateja wawili walikuwa wanaimba naye. Walikuwa wanayajua maneno yote. Mwuza chai aliuimba mstari wa mwisho kabla Nyamizi wa kwenye kanda hajaufikia.

Alisimama pale na magunia yake kichwani. Kanda zilikuwa zimepangwa juu ya meza jirani. Kwenye karatasi ya jalada kulikuwa na picha ya msichana mweupe wa uso, kashika jembe kwa ncha za vidole kana kwamba limetoka chooni. Chini yake imeandikwa Nyimbo za Nkoma. Jina la Nyamizi halikuwepo popote.

Dukani kwa Keneth aliingia bila hodi.

"Mayu! Shikamoo. Karibu kiti. Mambo yetu yamekwenda vizuri, watu wanaipenda kweli kweli. Nilikuwa nakuwekea yako." Akamnyooshea kanda, mpya, bado imo kwenye nailoni.

"Zirudishe," alisema Nyamizi.

"Nini, mayu?"

"Nyimbo zangu. Zirudishe. Zikusanye zote uzifungie mpaka Sabasaba ipite. Baada ya hapo uza hata na nyayo zangu, sitakuuliza."

Keneth alicheka kidogo, akaona anacheka peke yake, akaacha. "Mayu, maji yakimwagika hayazoleki. Zimefika Magu, zimefika Shinyanga mjini. Hata Maswa nimepeleka."

"Maswa umepeleka."

"Tena Maswa ndiko wanakonunua zaidi. Ipililo kuna bwana mmoja mwembamba, amechukua tatu."

Nyamizi aliweka mkono juu ya meza ili asimwekee Keneth usoni. Alimweleza, kwa sauti ndogo ambayo waliomfahamu waliiogopa kuliko kelele zake, maana ya alichofanya. Alimweleza uwanja, alimweleza miaka miwili, alimweleza usinga. Keneth alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ile ile. Alisikitika, na alisikitika kweli, hilo tumpe haki yake. Kisha akasema:

"Lakini mayu, sasa ni soko huria. Mimi nisingezirekodi, angezirekodi mwingine. Na kwani si ndiyo matangazo hayo? Siku ya Sabasaba watakuja kukuona wewe mwenyewe."

Nyamizi alitoka bila kuchukua kanda. Njia nzima Mayunga alikanyaga pedeli taratibu kama mtu aliyebeba mzinga wa nyuki nyuma ya baiskeli.

Nyamizi alipowaambia wenzake kwamba nyimbo zimekufa na lazima watunge nyingine, hawakumwelewa. Hilo ndilo lililomkera kuliko hata Keneth. Pamba ilikuwa imepasuka mashambani, kila mtu yuko kwenye kuchuma kuanzia alfajiri, nani ana nafasi ya kujifunza nyimbo saba mpya? Tena wengi walifurahi. Walikuwa wamesikia sauti zao mnadani. Ngeleja alikuwa ameinunua kanda ile, akaipiga kwake kila jioni.

"Lakini mayu, nyimbo zinapendwa," alisema Ngeleja. "Watu watazifuata."

"Watu hawafuati kitu walichonacho mfukoni," alisema Nyamizi.

Wengine waliamua hii ni kazi ya Masunga. Walisema Masunga amepiga samba, ile dawa ya manju ya kuvuta watu na kuharibia wenzake, ndiyo iliyomtia Keneth njia ya kuja Nkoma. Wakachanga, wakamwendea mganga hadi Bukundi, wakarudi na unga mweusi wa kupaka kwenye ngozi za ngoma. Baadaye ilijulikana kwamba Bagalu nao, kwa upande wao, waliamini kanda ile ni samba ya Nyamizi, maana haiwezekani mtu aimbe Ipililo naye yuko Nkoma, na wao pia walikuwa wameagiza unga wao. Vikundi viwili vyenye akili timamu vilipoteza mwezi mzima kupakana dawa, na mwenye duka yuko Bariadi anauza betri.

"Dawa ya redio kaseti ni ipi?" Nyamizi aliwauliza. "Mganga kawaambia ipakwe wapi, kwenye waya?"

Wakaendelea kupaka ngozi zao. Nyamizi alitunga peke yake, shambani, lakini safari hii maneno yaligoma. Kila alipopata mstari alijikuta akiusikia na kinanda.

Siku ya Sabasaba uwanja nje ya mji wa Bariadi ulijaa kuliko mwaka wowote. Hapo Keneth alisema kweli. Malori ya wanunuzi wa pamba yaliegeshwa pembeni na watu wamekaa juu yake. Bagika walisimama upande wa mashariki na majembe yao, Bagalu upande wa magharibi, na ngoma zikaanza kwa pamoja.

Nyamizi aliinua usinga, akaanza wimbo wa kwanza.

Mwanzoni walikuja. Walikuja mbio, na waliimba naye, kila neno, na kwa dakika chache Ngeleja aliwatazama wenzake kwa macho ya niliwaambia. Kisha wimbo ukaisha na wa pili ukaanza, na watu wakauimba huo pia, lakini wakitazama pembeni. Kutoka upande wa pili Masunga alikuwa anamjibu. Masunga aliujibu wimbo wa kwanza mstari kwa mstari, na kabla Nyamizi hajaufungua wa tatu, ule wa mazishi, Masunga alikwisha kuleta jeneza. Alikuwa na jeneza kweli, la mabua ya mtama, limebebwa na watu wanne, na ndani yake imelala kanda moja ndogo. Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Watu wakaanza kuvuka.

"Anatuimbia kaseti!" mtu alipiga kelele.

"Tena hii haina kinanda!" akajibu mwingine. "Mayu, kinanda umekiacha wapi?"

Hilo la kinanda lilimwingia Nyamizi mpaka kwenye mfupa. Miaka yote alikuwa ametukanwa uwanjani, kwa uzuri na kwa ubaya, na alijua kutukanwa. Hakuwahi kuambiwa kwamba anaiga vibaya sauti yake mwenyewe. Mbele yake palibaki labda watu hamsini, wengi wao jamaa za wachezaji. Mayunga alipiga ngoma ameinamisha kichwa. Ngeleja alikuwa anautazama usinga waziwazi sasa.

Ndipo Nyamizi akamwona Keneth. Alikuwa amesimama juu ya lori, shati jeupe, mikono kifuani, anafurahia sikukuu.

Akashusha mkono. Wimbo wa nne ukakatika katikati, lakini kabla Bagalu hawajapata nafasi ya kushangilia, Nyamizi alikwisha kuanza kitu kingine, na hakikuwa kimefundishwa mbugani wala kutungwa shambani. Kilitoka huko kilikotoka siku ile ya kwanza. Kwa Kiswahili maneno yake yalikuwa karibu na haya:

*Nilikuchinjia jogoo, mgeni wangu,*
*nikakusongea ugali unatoa moshi.*
*Hukuumeza, mgeni, uliuweka shavuni,*
*umekwenda kuutema sokoni.*
*Njooni mnunue, enyi wenye njaa,*
*ugali wa Nyamizi una mate ya Keneth.*

Juu ya malori watu walisimama. Mayunga aliinua kichwa, akaushika mwendo, na ngoma ikabadilika. Waitikiaji hawakuujua wimbo, lakini mstari wa mate ya Keneth haukuhitaji kufundishwa, wakauitikia kwa nguvu na majembe yakapiga ardhi. Watu wakaanza kurudi. Walirudi kwanza mmoja mmoja wakigeuza vichwa, kisha wakamiminika kama ng'ombe walionusa maji.

*Mkeo akikuzalia mtoto, Keneth,*
*utamnunulia uji au utamtafutia mteja?*
*Mama yako akifa, kilio chetu*
*utakipimaje, kwa kilo au kwa debe?*

Uwanja wa Bariadi haujawahi kuvuma vile. Hata wachezaji wa Bagalu walikuwa wanacheka, na jeneza la mabua limetupwa chini. Masunga aliendelea kuimba, kwa maana hakuwa mjinga wa kunyamaza, lakini aliwaimbia watoto watatu na mbwa. Jua lilikuwa limeanza kushuka. Nyamizi alikuwa na ubeti wa tatu tayari kinywani, mkali kuliko yote, na alimgeukia Keneth ili amwone akiupokea.

Kwa kawaida mtu anayetukanwa na ningi hufanya moja kati ya mawili: hukimbia, au hujibu. Nyamizi amewaona wanaume wazima wakijificha nyuma ya wake zao. Keneth hakukimbia wala hakujibu. Alikuwa ameshuka kwenye lori, amejipenyeza hadi mstari wa mbele, na ameinua juu ya vichwa vya watu, kwa mikono miwili, kisanduku chake. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Na alikuwa anatabasamu, si kwa dharau, bali jinsi mkulima anavyotabasamu akiona mvua. Mtu anayetukanwa na kufurahi, utamfanya nini?

"Zima," Nyamizi alisema.

Keneth alitikisa kichwa kama anayesema endelea, mayu, usijali, inasikika vizuri.

"Zima hicho!"

Sauti ile ilisikika hadi barabarani. Watu walidhani ni sehemu ya wimbo, wakashangilia. Nyamizi aliwatazama wale wote, mamia, watu wake aliowarudisha mwenyewe kwa ulimi wake bila dawa wala kinanda. Alitazama taa nyekundu. Kisha akafunga mdomo.

Mayunga alipiga ngoma mapigo manne zaidi, akaacha.

"Imba," alimsihi. "Nyamizi, tumeshashinda. Ubeti mmoja tu. Hasira hasara, mke wangu, imba!"

Hakuimba. Uwanja ukanyamaza kumsubiri, na katika kimya kile, kutoka upande wa pili, ikasikika sauti ya filimbi ya Masunga, bado inaendelea, na kwa hiyo imeshinda. Hakuna aliyesherehekea. Masunga mwenyewe alipomaliza alivuka uwanja, akasimama mbele ya Nyamizi, akavua kofia yake. Ngeleja alipokea usinga jioni ile ile, na inasemekana aliupokea bila raha, lakini aliupokea.

Walimlaumu miaka mingi. Kwamba kwa ubeti mmoja alilitupa kundi zima. Kwamba kiburi. Yeye hakujitetea. Alirudi kwenye pamba yake, alilima, aliuza kwa malori kama kila mtu kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumwuzia, na aliwatukana wanunuzi kwa mdomo mkavu bila wimbo. Ubeti wa tatu hakuna aliyewahi kuusikia. Mayunga aliwahi kumwuliza, wakiwa wanakula. Alimjibu kwamba upo, na kwamba kula ugali wako.

Miaka sita baadaye, Mayunga akiwa mgonjwa wa kifua, Nyamizi alikwenda Bariadi kumtafutia dawa. Mji ulikuwa umepanuka. Zile bendi hazikuwepo tena hata kwa maneno. Wale vijana wa suruali pana ndio walikuwa wameushika mji, na muziki wao sasa ulikuwa na jina, na vituo vyake vya redio, na kila mtu aliuita wa kizazi kipya. Kwenye kibanda cha kanda karibu na stendi alikuwa ameketi msichana anaitwa Joyness, jina limeandikwa kwa rangi juu ya mlango, na kipaza sauti chake kilikuwa kinapiga mdundo mzito na kijana akiongea haraka haraka.

Nyamizi alikuwa anapita. Mdundo ukakatika ghafla. Na katika ule mwanya, kwa nguvu, ikatoka sauti ya mwanamke:

"Zima hicho!"

Kimya. Kisha mdundo ukarudi mara mbili ya ulivyokuwa, na vijana waliosimama kibandani wakaruka na mikono juu.

Nyamizi alirudi nyuma hatua tatu. Alisimama mpaka ikafika tena. Zima hicho. Kimya. Mdundo.

Joyness alimwona akaja kwa uchangamfu. "Shikamoo, bibi. Umeipenda eh? Hii ndiyo inatamba sasa hivi. Kwenye harusi, kwenye kampeni, kila diski joki lazima aanze na hiyo."

"Huyo anayesema ni nani?"

"Huyo? Sijui, bibi. Wanasema ni manju mmoja wa zamani wa huko vijijini. Alishakufa."

Mifuko ya dawa ilikuwa mkononi. Jua lilikuwa utosini. Hasira yote ya miaka sita ilipanda, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya Sabasaba Nyamizi aliachia koo lake lote.

"Zima hicho!"

Stendi nzima iligeuka. Kondakta aliacha kuita abiria. Joyness alimtazama, macho yamemtoka, mkono mdomoni. Kisha akaanza kucheka kwa furaha, akapiga makofi.

"Jamani bibi!" alisema. "Unamuiga vizuri kweli kweli. Hebu rudia."